Pauni 120 kwa saa moja: mshauri wa viza niliyemwendea Leeds, na wakala niliyemkimbia

Nianze na bei, maana najua wengine mtaishia aya ya kwanza halafu mje pembeni kuniuliza. Wakala: pauni 700 kwa "kifurushi kamili", nusu unatanguliza, na hiyo nusu yangu, pauni 350, mpaka leo sijaiona. Mshauri aliyesajiliwa: pauni 120 kwa saa moja, na risiti nilikuwa nayo kabla sijashuka ngazi zake. Wakala nampa nyota moja kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Mshauri nampa nne. Ya tano nimemnyima kwa sababu zangu, nitafika huko.

Mimi ni injinia wa ujenzi, mtoto wa Korogwe. Nilikuja Leeds Januari 2024 kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, nikamaliza mwishoni mwa Januari 2025. Viza ya mwanafunzi kwa kozi ya namna hiyo inakuachia miezi minne baada ya masomo kuisha, kwa hiyo yangu ilikuwa inakata tarehe 30 Mei. Aprili nikapata kazi kwenye kampuni ndogo inayosanifu mifereji na makalvati. Bahati yangu, kampuni ilikuwa tayari na leseni ya kudhamini wageni. Orodha ya waajiri wenye leseni hiyo serikali ya Uingereza inaiweka wazi mtandaoni, na mimi niliisoma kabla ya kutuma barua hata moja ya maombi. Kuna jamaa yangu alifanya usaili mara tatu sehemu moja, siku ya mwisho ndiyo akaambiwa hawadhamini.

Sasa wakala. Namba yake nilipewa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha Watanzania. Simlaumu aliyenipa, naye alipewa. Bwana yule anajua kuongea! "Injinia, mdogo wangu, wewe tulia, hii kitu niachie kaka yako." Ujumbe wa sauti wa dakika sita, na katika hizo sita, nne ni za kumsifu Mungu na kusimulia aliowafanikishia. Ushauri wake ulikuwa nichukue kwanza viza ya wahitimu, ya miaka miwili, nitulize akili, halafu "tutaigeuza" iwe ya kazi.

Viza ya wahitimu siisemi vibaya. Ipo tangu Julai 2021, haihitaji mdhamini, na asiye na kazi mkononi imemfaa sana. Lakini mimi kazi nilikuwa nayo! Ada yake wakati huo ilikuwa pauni 880, na ada ya afya, ile ya kutumia hospitali za serikali, pauni 1,035 kwa kila mwaka, jumla pauni 2,950. Halafu siku ya kugeuza nilipe tena zote za viza ya kazi. Juu ya hapo, miaka ile miwili haikuwa inaingia kwenye mitano iliyohitajika wakati huo ili uombe ukaazi wa kudumu. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule sikuona hata lililo wazi, kwamba fomu zikiwa mbili, yeye analipwa mara mbili. Nikatuma pauni 350.

Kifurushi chenyewe nimekitunza, nikipata hasira nakisoma. Kipengele cha kwanza: "kuratibu kipimo cha kifua kikuu". Kipimo hicho ni cha anayeomba akiwa nje, tuliofanya tunakumbuka, kabla ya kupanda ndege. Aliye ndani akibadilisha viza hakiulizwi. Cha pili: "kuandaa taarifa ya benki", kuonyesha pauni 1,270 zimelala siku 28. Ukishakaa Uingereza kihalali miezi 12 na viza yako, hilo nalo hulazimiki, na mimi nilikuwa na miezi 15. Cha tatu: "mtihani wa Kiingereza, kama utahitajika". Kiingereza nilishakithibitisha kwenye viza ya mwanafunzi. Yaani katika vitu vitano alivyoniuzia, vitatu havikuwepo kwenye safari yangu.

Kilichonifumbua macho ni bosi. Aliniita, akasema anataka kunidhamini ila kuna tozo ya ujuzi ambayo mwajiri anamlipia mgeni, kwa kampuni ndogo kama yake wakati huo pauni 364 kwa mwaka, miaka mitatu pauni 1,092, na bajeti imebana. Nikamuuliza wakala. Jibu lilikuja chapchap kuliko yote aliyowahi kunipa: "Mwambie utailipa wewe, wakate kwenye mshahara." Sikulala. Asubuhi nikatafuta mwenyewe nikakuta tozo ile sheria inakataza kabisa mwajiri kumbebesha mfanyakazi. Ningemtia matatani mtu anayetaka kunipa kazi.

Hapo ndipo nilipofungua daftari la washauri wa uhamiaji waliosajiliwa. Msimamizi wao wengi mnamjua kwa jina la zamani, OISC. Tangu Januari 2025 ni Mamlaka ya Ushauri wa Uhamiaji. Nchi hii kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili, au bila kuwa wakili au mtu mwingine anayetambuliwa na sheria, ni kosa la jinai, hata ukiutoa bure. Nikaandika jina la wakala, yule "kaka yangu". Hayupo. Nikaandika la biashara yake. Haipo. Nikaandika postikodi yangu, akatokea mama mmoja, vituo vitatu vya basi kutoka ninapokaa.

Ofisi yake iko juu ya kinyozi, ngazi nyembamba, zulia limechakaa. Ni mama wa makamo, hana maneno mengi, na mezani ana saa ndogo ya jikoni, ile ya kupimia mayai. Aliizungusha hadi 60, akaiweka katikati yetu. Nikasema moyoni, huyu naye ni mtu wa pesa. Kumbe ile saa ndiyo ilinisaidia: alikuwa na dakika 60 za kuuza na hana fomu ya kuniuzia, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunirefushia njia.

Aliomba barua ya ajira. Akaisoma na penseli mkononi. Aliyepita juu ya barua hiyo kabla yake, yaani kaka yangu, alinijibu hivi baada ya siku mbili: "Safi, 33 imevuka." Ndiyo, mshahara ulikuwa pauni 33,000, na kiwango cha chini kwa anayeanza kazi akitokea uanafunzi kilikuwa pauni 30,960, wakati wengine walitakiwa 38,700. Kwa macho yangu pia ilikuwa imevuka. Mama akafika mstari wa sita, akapiga mstari chini ya maneno matatu, akaigeuza barua nione. Pauni 33,000, "zikijumuisha posho ya gari pauni 2,500".

Akachukua kipande cha karatasi akatoa. Ikabaki 30,500.

"Posho haihesabiwi," akasema. "Umepungukiwa pauni 460."

Nilihisi jasho kwenye shingo, na chumba kilikuwa cha baridi. Wakikukataa, ada ya maombi hairudi. Ada ya afya ndiyo wanairudisha. Na mimi viza ilikuwa imebakiza wiki tano. Nikamuuliza tufanye nini, akanitazama kama mtoto anayeuliza maji yanachotwaje. Posho iingizwe kwenye mshahara wenyewe, kampuni hailipi hata senti ya ziada, mkataba uandikwe upya. Ndivyo ilivyokuwa. Bosi alibadilisha mstari mmoja.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Jumatatu asubuhi ukifika kazini, unafanya nini hasa?" Nikaeleza, napiga hesabu ya maji ya mvua yatakayopita kwenye kalvati, nachagua kipenyo, nachora, injinia mkuu anasaini. Kila kazi hapa ina namba yake. Wakala alikuwa ameniandikia 3114, fundi sanifu wa ujenzi, kwa hoja kwamba "kiwango chake cha mshahara ni cha chini, hawatakusumbua". Mama akasema namba inafuata kazi unayofanya, haifuati mshahara unaoutamani. Nikawa 2121, injinia wa ujenzi, ndicho nilichosomea. Kama unafanya kazi ya injinia halafu umeandikwa fundi sanifu, siku wakija kumkagua mwajiri nyote wawili mna maelezo ya kutoa.

Dakika zikiwa zimebaki kama kumi nikamtajia tozo ya bosi. Hakuinua hata kichwa. "Unatoka viza ya mwanafunzi moja kwa moja? Basi hatozwi." Nikamwomba arudie. Akarudia, akaniandikia na kifungu chenyewe nimpelekee. Anayehama kutoka uanafunzi kwenda kazi akiwa humu humu ndani, mwajiri wake alikuwa anasamehewa tozo ile. Anayepitia viza ya wahitimu kwanza, hasamehewi. Kwa maana nyingine, ushauri wa kaka yangu ungenigharimu pauni 2,950 mimi na pauni 1,092 bosi, na pengine bosi angesema basi, asante, tutafute mwingine.

Saa ikalia. Akasimama. Hakuna kusindikizana.

Sasa ile nyota ya tano. Kwanza, ukimwandikia swali baada ya kutoka, anakujibu kwa bei ya dakika 15. Ni haki yake, lakini inauma. Pili, na hili ndilo kubwa, hakuniambia kwamba pesa zote zinatakiwa kwa mkupuo. Nilijua jumla, nilidhani kuna kupumua katikati. Bosi alinipa cheti cha udhamini wiki ya kwanza ya Mei (msitegemee karatasi, ni namba tu, na pauni 525 zake alilipa yeye). Usiku huo nikajaza fomu, nikafika kwenye malipo: ada ya afya ya miaka mitatu pauni 3,105 unailipa yote kabla fomu haijapokelewa, halafu ada ya maombi 885, halafu mimi nilitaka huduma ya haraka, 500 nyingine. Pauni 4,490. Kadi ikakataa kwenye ya kwanza. Saa saba usiku naangalia maandishi mekundu kwenye skrini.

Kulipokucha nikampigia dada mmoja wa Tanga anayesimamia upatu wetu. Zamu yangu ilikuwa Agosti. Akaniambia "subiri", akakata simu, na ndani ya nusu saa shemeji yetu mmoja, fundi bomba, akakubali tubadilishane zamu. Mtu huyo hata chai hajawahi kuja kunywa kwangu. Nyota zake sijui niziweke wapi.

Sehemu iliyobaki ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotishwa. Alama za vidole walikuwa nazo tangu uanafunzi, kwa hiyo sikuitwa kituoni. Unatumia programu yao ya simu, inapiga picha pasi, inasoma chipu ndani ya pasi, inakupiga uso. Mimi chipu ilinitesa robo saa nzima kumbe sikuvua kava la simu. Vueni kava. Huduma ya haraka inaahidi siku tano za kazi, kawaida ni wiki nane. Nililipia kwa sababu kaka yangu wa tumbo moja alikuwa anaoa Juni, na ukitoka nje ya nchi maombi yakiwa bado hayajajibiwa, yanahesabika umeyafuta mwenyewe. Jibu lilikuja siku ya nne. Kadi ngumu zile za zamani zimekufa tangu mwisho wa 2024, sasa hadhi yako iko mtandaoni, na mwajiri unampa namba ya herufi tisa inayoanza na W anaangalia mwenyewe. Bibi yangu Korogwe aliomba aione hiyo viza. Nikamwonyesha simu. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

Msichukue namba zangu mkaenda nazo. Tangu 22 Julai 2025 kiwango cha jumla ni pauni 41,700 na cha waanza kazi 33,400, maana yake mshahara wangu uleule ungekuwa pungufu kwa pauni 400 kama ningechelewa miezi miwili na ushee. Na kiwango hicho cha waanza kazi mtu anakitumia miaka minne tu, ambayo miaka ya viza ya wahitimu inahesabiwa ndani yake. Tangu Januari 2026 Kiingereza cha viza hii nacho kimepandishwa daraja, kwa hiyo wewe hakikisha kwanza kama kile ulichothibitisha kwenye uanafunzi kinafika daraja hilo.

Jina la mama silitaji, ameniomba nisimrushe kwenye vikundi, anasema tukisikia mtu mmoja tunakwenda arobaini. Daftari lipo wazi, wekeni postikodi zenu. Mkimpata wa kwenu, nendeni na barua ya ajira iliyochapishwa, siyo ya kwenye simu, muisome mstari kwa mstari nyumbani kwanza, na maswali yenu yawe yameandikwa kwa mpangilio wa umuhimu. Mimi nilianza kwa kumsimulia habari za wakala. Dakika kumi na moja ziliishia hapo, na aliziacha ziende.