Fundi wa bafu aliyesema "njoo uone kabla sijafunika"

Bafu la mama yangu pale Sinza, Dar es Salaam, limekarabatiwa mara mbili. Kazi ya kwanza ilifanywa na kampuni moja ya ukarabati ambayo sitaitaja jina, na ya pili ikafanywa na fundi mmoja wa Manzese na vijana wake wawili. Ninayemwandikia tathmini ni huyu wa pili, lakini kazi yake huwezi kuielewa mpaka ujue alikuta nini nyuma ya marumaru za wale waliomtangulia.

Wale walikuja na gari lenye nembo, fulana za sare na makadirio yaliyochapwa vizuri. Walitaka asilimia 70 mkononi kabla ya kugusa chochote, na vifaa wakasema watanunua wenyewe ili familia isisumbuke. Walipomaliza, bafu lilipendeza kweli: marumaru nyeupe mpaka juu, shawa ya umeme ya maji moto, kioo kipya. Haikupita muda mrefu, ukuta wa chumba cha mama, ule unaopakana na bafu, ukaanza kuvimba na rangi kubanduka. Kisha mama akawa anasema bomba la shawa linamtekenya mkono. Lile halikuwa kutekenya, lilikuwa linapiga shoti. Mtu aliyevuka miaka sabini, kalowa mwili mzima, yuko peke yake na mlango kaufunga kwa ndani. Mimi ni muuguzi, najua umeme unafanya nini kwenye moyo wa mtu, na mpaka leo nikilikumbuka hilo nakasirika. Tulipoipigia simu ile kampuni iliita tu, siku zilizofuata ikawa haipatikani.

Huyu fundi wa Manzese nilielekezwa na mwenzangu wa wodini. Sikutaka anionyeshe kazi aliyoimaliza juzi, maana bafu jipya lolote linang'aa. Nilimwomba anipeleke kwenye bafu la zamani lililokwisha kutumika, akanipeleka Kimara kwa mama mmoja mwenye wapangaji. Nikauliza maswali yangu nje, yeye akiwa hayupo: alianza lini, aliongeza bei katikati, ukimpigia baada ya kulipwa anapokea? Mama yule akanijibu kwamba anapokea, ila jioni tu.

Alipofika Sinza hakutaja bei. Alishika bisibisi, akawa anagonga marumaru kwa mpini, moja baada ya nyingine, kichwa kakiinamisha kusikiliza. Iliyoshikana na ukuta inatoa sauti nzito, isiyoshikana inalia kama debe tupu. Ukuta wa shawa karibu wote ulilia. Akabandua moja mbele yetu, na nyuma yake gundi ilikuwa imewekwa madonge matano tu, manne pembeni na moja katikati, kwingine kote uwazi. Maji yakishapenya kwenye grauti, ile ya kujazia mianya kati ya marumaru, yanakaa mle ndani na kutafuta njia, na njia yaliyoipata ilikuwa chumba cha mama. Sakafuni hapakuwa na tone la dawa ya kuzuia maji, ingawa kwenye makadirio ilikuwa imeandikwa na kulipiwa. Bomba la maji moto lilitakiwa liwe PPR, plastiki inayostahimili maji moto, tukakuta PVC ya kawaida, ambayo joto huilegeza.

Umeme ndio uliotisha zaidi. Shawa ile ni ya wati 5,000. Kwa volti 230 inavuta kama ampea 22, na waya waliouweka ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, waya wa kuwashia taa. Kilichohitajika ni waya wa 4 au zaidi. Ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikuwepo kabisa. Fundi aliutazama, akazima breka, akaniambia: "Dada, hapa mimi sishiki. Nina mwenzangu ana leseni ya EWURA, aje yeye." EWURA ndiyo mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nikaiona leseni yenyewe kabla kijana wa umeme hajafungua boksi lake. Mjini hapa vishoka wa umeme hawakosekani, na fundi wa marumaru anayekubali kuwa umeme si kazi yake nampa alama kwa hilo peke yake.

Kuhusu hela, vifaa tulinunua sisi. Yeye aliandika orodha yenye vipimo: marumaru za ukuta, za sakafu zisizoteleza, gundi, grauti, PPR na viungio vyake, dawa ya kuzuia maji. Kwenye marumaru aliongeza asilimia 10 kwa ajili ya zitakazokatwa na kuvunjika, akanieleza kwa nini. Bei tuliulizia Kariakoo na Buguruni, tukanunua Kariakoo, na mzigo ukaja kwa kirikuu. Dukani alifanya jambo ambalo mwenyewe nisingelifikiria: alisoma namba ya toleo kwenye kila boksi la marumaru, akarudisha maboksi mawili ambayo namba yake ilikuwa tofauti, kwa sababu rangi hupishana kidogo na ukutani inaonekana. Muuzaji alimvuta pembeni, na mtu yeyote wa Dar anajua wanaongea nini pale. Ni cha juu. Akarudi akasema kwa sauti, "Huyu anataka kunipa changu, mpunguzie dada kwenye bei." Tukapunguziwa. Risiti zote za EFD, zile za mashine ya kodi, zikakaa kwangu. Risiti ya kuandikwa kwa mkono haikuthibitishii chochote, fundi na muuzaji wanaweza kuandika watakacho.

Hela ya ufundi tuliigawa kwa hatua, tukaandika kwenye karatasi, wote tukasaini na kushuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kianzio kilikuwa kidogo, cha nauli na chakula cha vijana wakati wa kubomoa. Malipo makubwa ya kwanza yalifungwa kwenye bomba, ya pili kwenye sakafu, ya tatu kwenye marumaru, na asilimia 10 ikabaki mpaka bafu litumike mwezi mzima. Karatasi hiyo ina maana sana. Ukienda polisi kulalamika kuhusu fundi aliyekula advansi, mara nyingi utaambiwa hayo ni madai, nenda mahakamani, na mahakamani utaulizwa mlikubaliana nini.

Hapa ndipo palipo kiini cha huduma yake. Kwenye ukarabati wizi hujificha kwenye kile kinachofunikwa: ndani ya lipu, chini ya marumaru, juu ya dari la jipsamu. Ukishafunikwa, unauona siku ukuta unavimba. Yeye hakufunika kitu bila mwenye nyumba kukiona. Mabomba yalipokamilika alifunga pampu ndogo ya kupimia presha, akapandisha mpaka bar 10, akaniita nitazame mshale. Tukaenda kunywa chai na mama, tukarudi, mshale umesimama palepale. Ndipo akapiga lipu. Alipomaliza kupaka dawa ya kuzuia maji na ikakauka, aliziba tundu la kutolea maji, akamimina maji sakafuni mpaka yakafika usawa wa vifundo viwili vya kidole, akachora mstari wa penseli ukutani. Yakalala mle saa 24. Kesho yake maji yalikuwa kwenye mstari, na ukuta wa chumbani mkavu. Siku nilizokuwa zamu alinitumia video kwenye simu, futi kamba ikiwa imelazwa kwenye kila bomba ili nijue limepita wapi. Video hizo nimezihifadhi. Atakayekuja kutoboa ukuta huu miaka ijayo atazihitaji.

Mama alipoomba kitu cha kushikia karibu na choo, fundi alimwambia, "Bibi, nitakuwekea kitakachokubeba wewe na mimi." Akakifunga kwa bolti ndefu zilizoingia kwenye tofali lenyewe, kisha akaning'inia.

Kasoro anazo. Anachelewa: akisema saa mbili asubuhi mngoje saa nne. Mchana simu hapokei kabisa, na kwangu mimi mwenye zamu lilikuwa tatizo la kweli. Vumbi la kubomolea lilifika mpaka sebuleni kwa sababu hakutundika turubai mlangoni mpaka nilipodai. Grauti ya kona moja imetoka na kivuli tofauti kidogo, amekiri na atairudia. Bei yake ya ufundi ilikuwa juu kuliko mafundi wengine wawili niliowauliza. Niliilipa kwa moyo mmoja, kwa sababu wale wawili hakuna aliyetaka nishike orodha ya vifaa.

Kwa anayefikiria kuchukua kampuni badala ya fundi wa mtaani: cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinathibitisha tu kuwa kampuni imesajiliwa, hakisemi kuwa inajua kujenga. Mkandarasi lazima awe na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, wenye daraja lake. Omba namba, kisha uhakiki kwenye bodi yenyewe. Gari lenye nembo mtu anaweza kulikodi.

Nampa nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa muda na vumbi. Asilimia 10 yake nimemlipa juzi baada ya kupapasa ukuta wa chumba cha mama na kuukuta mkavu. Vuli ikiisha atatufanyia jiko, kwa karatasi ileile na malipo ya hatua yaleyale, na safari hii turubai la mlangoni nimeliandika kwenye makubaliano.