Kipindi cha PE (elimu ya michezo) shuleni kwa binti yangu, baada ya miaka miwili

Nimelipa mchango wa michezo shuleni kwa binti yangu miaka miwili sasa, elfu ishirini kwa mwaka nje ya ada, na kwa kuwa kila Januari wazazi wananiuliza pale kibandani kwangu kama hiyo hela inafanya kazi au inaliwa tu, naandika nilichokiona kwa macho yangu. Ni sekondari ya kutwa, mchanganyiko, hapa Morogoro, jina siliweki maana kuna mengine nitayasema hayajakaa sawa. Mi ni fundi cherehani, bukta na sketi za michezo za pale nashona mimi, kwa hiyo uwanjani kwao naingia mara kwa mara kupima watoto, sijahadithiwa.

Kwanza alikotoka. Form One alisoma shule nyingine na huko PE ilikuwepo kwenye ratiba tu. Mwalimu anatupa mpira mmoja, wavulana wanaondoka nao, wasichana wanakaa chini ya mti wanasukana mpaka kengele ilie. Na siku PE ikiwepo kweli basi ni adhabu, waliochelewa namba wanarushwa kichura na kuzungushwa uwanja huku wenzao wanaangalia. Binti yangu ana mwili mkubwa, walimcheka akikimbia, akaanza kuumwa tumbo kila Jumatano. Nampeleka hospitali, tunapima choo, tunapima mkojo, tunapima taifodi, hakuna kitu. Nimekuja kushtuka mwezi wa nane kwamba Jumatano ndo siku ya PE. Iliniuma mno, maana mtoto miezi yote hiyo anabeba aibu peke yake na mimi mama yake natafuta ugonjwa tumboni.

Hii shule ya sasa wana vipindi viwili kwa wiki vya dakika 40, na mwalimu aliyesomea michezo. Siku ya kwanza nimeenda kuchukua vipimo vya sketi nikakuta darasa zima limekaa chini kwenye nyasi, wanaongea. Nikajua ndo yale yale ya chini ya mti. Kumbe ndo kipindi kinavyoanza, kila mtu anasema leo anataka kujaribu nini, mmoja anasema leo nadaka kwa mikono miwili, mwingine anasema leo sigombani, halafu wanacheza, na dakika za mwisho wanakaa tena, wanaonyesha kidole, juu kama umetimiza, pembeni kama nusu, chini kama umeshindwa. Hakuna anayechekwa kwa kidole cha chini, nimeangalia hilo kwa makini sana kwa sababu ndo lilikuwa donda letu.

Mwalimu alitueleza kwenye kikao cha wazazi kwamba huo utaratibu hajautunga yeye, umetoka kwa Mmarekani mmoja anaitwa Don Hellison, alifundisha Chuo Kikuu cha Illinois pale Chicago, alianza kuutengeneza miaka ya 1970 akiwa na vijana ambao shule zilikuwa zimewakatia tamaa. Una ngazi tano. Ya kwanza kuheshimu haki na hisia za wenzio, ya pili kujituma, ya tatu kujiongoza bila kusukumwa, ya nne kuwasaidia na kuwajali wengine, ya tano kuyatoa hayo yote nje ya uwanja mpaka nyumbani na mtaani. Zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mdogo ukutani stoo ya vifaa, na watoto wanazitaja kwa namba, "leo umeshuka ngazi ya kwanza wewe", utawasikia hivyo hata wakiwa wanarudi nyumbani.

Sasa nieleze netiboli, maana hapo ndo mwanangu alipofunguka. Netiboli hukai na mpira. Ukishaupata una sekunde 3 uutoe, kukimbia nao hairuhusiwi, na anayekukaba anatakiwa awe sentimita 90 kutoka kwako, hakusukumi hakugusi. Wako saba na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu. Maana yake hata uwe hodari vipi huwezi kufika golini peke yako, lazima umwangalie mwenzio yuko wapi na umwamini ataudaka. Mtoto aliyezoea kujificha anajikuta anaitwa jina lake mara ishirini kwa kipindi kimoja, "nipe! nipe hapa!", na yeye inabidi aite majina ya wenzie. Binti yangu walimweka GK, yaani mlinda goli, kule nyuma kabisa chini ya pete, na ule mwili waliomcheka nao ndo ukawa ukuta.

Halafu kuna zamu. Kila wiki mbili wanabadilishana kazi, leo wewe refa, wewe unaandika magoli, wewe kocha, wewe unaleta vifaa na kuhesabu mipira mwisho. Siku ambayo sitaisahau ni Jumamosi moja nimepeleka traksuti, namkuta mwanangu ana filimbi. Miaka 14, mtoto ambaye nyumbani mgeni akija anakimbilia jikoni. Rafiki yake kipenzi akadaka mpira akatembea nao, hatua tatu kabisa, mwanangu akapuliza. Yule rafiki akamjia juu, "unanionea, si unajua mguu unaniuma!" Nikaona mwanangu mdomo unatetemeka, nikasema hapa analia. Mwalimu yuko pale, hakusema neno. Mwanangu akanyoosha mkono upande wa pili, mpira ukahama, mchezo ukaendelea. Baadaye wote wawili wakaenda wenyewe kwenye benchi lililoko chini ya mwembe, wanaliita benchi la maongezi, mkigombana mnakaa hapo mpaka mkubaliane na hakuna mtu mzima anayeingilia. Walikaa kama dakika tano, nimesimama na traksuti zangu mkononi nawaangalia kwa mbali, wakarudi wameshikana mabega.

Nikisema ile hela inafanya kazi nasema hiyo.

Mabinti wa Kiislamu pia wamezingatiwa, na mabosi wa michezo duniani walishasogea, FIFA waliruhusu hijabu tangu 2014 na mpira wa kikapu FIBA wakafuata 2017. Shule ikaniita nishone mtandio wa michezo. Nimeshona kwa kitambaa cha jezi, kile kinachovutika, shingoni naweka lastiki, sitaki pini kabisa maana pini ikifunguka mtoto akianguka inaingia kwenye koo au jicho. Wasichana watano waliokuwa wanakaa nje wakaingia kucheza mwezi ule ule.

Yasiyokaa sawa sasa. La kwanza, wasichana hawana sehemu ya kubadilishia nguo. Wanabadilishia darasani, mmoja anashika khanga mlangoni na mwingine dirishani, na dirisha lenyewe linatazama njia ya wavulana. Ukifikiria binti yuko kwenye siku zake, hapo hata awe anapenda netiboli vipi ataomba ruhusa. Nimeongea mwaka wa kwanza, nimeongea mwaka wa pili, jibu ni bajeti.

La pili linanikera zaidi. Ikifika Septemba kwa Form Two, kwa sababu ya mtihani wa upimaji wa taifa, vipindi vya PE vinachukuliwa vyote, vinawekwa hesabu na fizikia mpaka Novemba. Jamani. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, hizo kwa wiki ni dakika 420, na shule inatoa 80, halafu hizo 80 nazo tunazikata. Kuna utafiti wao ulitoka 2019 wa wanafunzi wa nchi 146, wa miaka 11 mpaka 17, wasichana 85 katika kila 100 hawafikishi hicho kiwango, wavulana 78. Na wakati wa mtihani ndo mtoto ana presha kuliko wakati wote, hiyo miezi miwili mwanangu alirudi kuwa kimya, usiku hasemi, asubuhi hali. Hesabu zake hazikupanda kwa vile vipindi vya nyongeza, nimeangalia matokeo, zilibaki pale pale. Kwenye hili uongozi wamekosea na niliwaambia hivyo kikaoni mbele ya watu.

La tatu lilianza vibaya likaishia vizuri. Darasani kwao kuna kijana ana ulemavu wa mguu, anatembelea gongo, na muhula mzima kazi yake ilikuwa kuandika magoli tu. Wengine zamu zinazunguka, yeye daftari. Mama yake ni mteja wangu, akawa analia kibandani. Tukaenda wawili kwa mwalimu, na namshukuru hakukasirika, alinyamaza kidogo akasema kweli nimemsahau. Wiki iliyofuata wakafunga kamba ya kuanikia nguo kati ya viti viwili, karibu usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, darasa lote likakaa chini kwenye nyasi, voliboli ya kukaa. Huo ni mchezo kamili, uko kwenye Paralimpiki, yale mashindano ya dunia ya watu wenye ulemavu, tangu 1980 kwa wanaume na 2004 kwa wanawake, sheria ni makalio yasiachane na ardhi ukiwa unapiga mpira. Wale wakimbiaji wote walikuwa wanahangaika kujisogeza, yule kijana aliyezoea kusukuma mwili wake kwa mikono anateleza huku na huku, anazuia kila kitu. Wakawa wanagombania awe timu yao. Sasa hivi iko kwenye ratiba kila mwezi.

Kitu kingine kidogo, ripoti ya mwisho wa muhula inaandika PE: B basi. Mtoto amejifunza kusimamia maamuzi yake mbele ya rafiki yake, mi mzazi naletewa herufi moja. Mstari mmoja wa maneno ungetosha.

Ngazi ya tano, ile ya nyumbani, nilikuwa naiona ya kwenye ubao tu mpaka juzi wadogo zake wawili wamegombania ukoko, sufuria inavutwa huku na huku. Dada yao akaichukua sufuria, akaiweka juu ya kabati, akawakalisha kwenye mkeka wakiangaliana, akawaambia mkikubaliana mniite. Akaenda zake kufua. Walimwita.

Kwa nyota ninatoa nne kati ya tano, iliyopungua ni ya miezi ya mtihani. Kama unatafuta shule mwakani usiulizie tu kama wana uwanja, nenda siku ya kipindi chenyewe usimame pembeni, uangalie wasichana wako wapi na mtoto asiyeweza anafanya nini. Na lile dirisha nimechoka kusubiri bajeti, kitambaa kizito nimeshakata mita kumi na mbili, mama wa yule kijana anatoa ringi na waya, likizo hii nashona pazia.