TAHADHARI: "Labradoraiti nyekundu ya Congo" ni feldispa iliyochomwa pamoja na shaba

Masonara na mabroka, ukiletewa labradoraiti nyekundu au ya kijani (wengine huiita andesini; zote ni za feldispa, kundi la madini) ukaambiwa imetoka Congo, huko kwenye volkano ya Nyiragongo, usitoe hela. Maneno hayo yalianza 2002. Baadaye mawe yaleyale yakabadilishiwa kwao, yakawa ya Tibet, na kufikia Olimpiki ya Beijing ya 2008 yalikuwa yameshauzwa mpaka kwenye televisheni za Marekani. Mgodi wa Congo haujawahi kuthibitishwa.

Wanachofanya ni hiki. Wanachukua feldispa ya njano iliyopauka kutoka Inner Mongolia, China, wanaifukia kwenye unga wenye shaba na kuichoma kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 kwa siku nyingi, mpaka shaba iingie ndani ya jiwe. Usikubali kuambiwa "ni sawa na tanzanite". Tanzanite ikichomwa, bluu yake inatokana na vanadiamu, aina ya metali, iliyokuwamo tangu ardhini. Kwenye feldispa hii rangi imetiwa.

Wengi wananaswa kwa sababu jiwe hili linafaulu vipimo vya mezani. Ni feldispa kweli! Refraktomita (kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe) itasoma 1.55 hadi 1.56, ugumu kwa kipimo cha Mohs utakuwa 6 hadi 6.5, na muuzaji atakwambia "pima mwenyewe" bila wasiwasi wowote. Hata cheti kilichoandikwa "feldispa ya asili" kinataja aina ya jiwe tu. Tafuta mahali kinaposema kama rangi ni ya asili au shaba imeingizwa. Kama hapapo, hicho cheti hakikusaidii.

Unaweza kuchuja kidogo mwenyewe. Zamisha jiwe kwenye glasi ya maji juu ya karatasi nyeupe, mulika tochi kutoka chini, tazama kwa lenzi ya mara 10. Ukiona rangi imejikusanya kufuata nyufa, rudisha. Usipoona kitu, bado hujawa salama, maana mengine rangi imetulia vizuri kabisa. Angalia pia mzigo wenyewe: feldispa yenye shaba ya asili ipo, inatoka Oregon, Marekani, na Afar, Ethiopia, lakini Oregon mawe mengi ni ya njano na jekundu safi ni adimu. Mtu mwenye kilo nzima ya wekundu wa aina moja, kuna uwezekano mkubwa ameutoa tanuruni.

Jibu la uhakika linatoka maabara inayopima kemia ya jiwe kwa leza. Kabla ya kulipa, andikishianeni kwamba majibu yakionyesha shaba imeingizwa, hela yote inarudi.

Labradoraiti ya kijivu ya Madagascar, ile inayowaka bluu ukiigeuza, haimo kwenye tahadhari hii.

Kama umeshanunua, jiwe bado linavalika. Liuze kwa bei ya jiwe lililotiwa rangi, mwambie mteja waziwazi, na uandike hivyo kwenye risiti.