Kuunganisha matawi na seva ya wingu: mtandao upi uuchukue kwanza

Una duka Kariakoo, tawi Morogoro, na programu ya stoo iko kwenye seva ya kukodi mawinguni. Unataka vyote vionane bila kuiacha seva wazi kwa dunia nzima. Dawa yake ni VPN, yaani mtandao wa faragha unaojengwa juu ya intaneti uliyo nayo: kila kifaa hupata anwani ya pili, ya ndani, na data husafiri imefungwa kwa siri.

Kabla ya bei, fungua ukurasa wa ruta usome anwani ya WAN, yaani ile ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna wa nje anayeweza kuanzisha mawasiliano nawe. Laini nyingi za 4G ziko hivyo, na hapo ndipo ninapozipimia programu nne zifuatazo za kujenga mtandao huo.

Ya kwanza ni Tailscale. Pande mbili zilizojificha hivyo hutafutiana njia ya moja kwa moja; ikishindikana, data hupitia seva za kati ziitwazo DERP, ikiwa bado imefungwa. Andika `tailscale ping` na jina la kompyuta ya tawi: jibu likiendelea kutaja DERP, unazunguka, na mauzo yatasuasua. Simu ya mfanyakazi ikiibwa, unaiondoa kwenye orodha papo hapo. Kwa biashara, hilo pekee linatosha kuipa nafasi ya juu. Ubaya wake, mipango ya kulipia huhesabu watumiaji, kwa dola.

Ya pili ni WireGuard yenyewe, ambayo Tailscale imejengwa juu yake. Ni ya bure, na imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la Machi 2020. Gharama ni seva tu, ila funguo unazigawa kwa mkono, kwa hiyo uwe na mtu anayeijua Linux. Matawi yakiwa nyuma ya kampuni ya simu, weka `PersistentKeepalive = 25` kwenye mipangilio, ili kifaa kitume ishara ndogo kila sekunde 25, la sivyo njia hujifunga kimyakimya. Ping (jaribio la kuona kama upande wa pili unajibu) ikijibu lakini kurasa zikagoma kufunguka, shusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa kifurushi cha data, kutoka 1420 hadi 1280. Kumbuka pia kwamba data yote kati ya matawi itapita kwenye seva hiyo: uliza iko wapi (AWS, huduma ya wingu ya Amazon, wana kituo Cape Town tangu 2020) na wanatoza kiasi gani kwa data inayotoka.

ZeroTier naiweka ya tatu. Huigiza waya wa ofisini, hivyo inafaa kama una mashine za zamani zinazotafutana kwa kupiga mbiu mtandaoni. Vinginevyo sioni sababu ya kuipendelea.

Nebula, iliyotoka kampuni ya Slack mwaka 2019, ni imara sana, lakini vyeti vyake vinataka mtu wa kuvisimamia. Ni ya wenye seva nyingi, si duka lenye matawi mawili.

Kufungua mlango 3389 wa kompyuta ya duka (ule wa kuiendesha Windows ukiwa mbali) moja kwa moja kwa intaneti, hata fundi akikuambia ni rahisi, kataa. Wavamizi huukagua usiku na mchana.

Usilipie mwaka mzima. Chukua mwezi mmoja, ujaribu ukiwa tawini, kwa laini ile ile ya tawi, saa za jioni mtandao unapolemewa.