Tairngreacht au fáistine?

Anayejifunza Kiayalandi hukutana mapema na maneno mawili ambayo kamusi huyapa maana ileile, utabiri: tairngreacht na fáistine. Kwangu hayana uzito sawa.

Tairngreacht lina harufu ya maandiko. Ndugu yake yumo katika Tír Tairngire, "Nchi ya Ahadi", jina la Kanaani ya Biblia na pia la ulimwengu wa ajabu katika ngano za kale za Ayalandi. Ndilo litumikalo kwa tabiri zinazohusishwa na Mtakatifu Colm Cille, aliyefariki mwaka 597. Kwa Kiswahili ningeliweka jirani na unabii.

Fáistine linashuka mpaka jikoni. Usiku wa Oíche Shamhna (Halloween), 31 Oktoba, watu hukata bairín breac, mkate wa zabibu kavu wenye pete iliyofichwa ndani. Pete ikiangukia kipande chako, ndoa iko njiani. Ukikuta kitambaa, jiandae kwa ukata. (Tafuna taratibu, jino likivunjika halihitaji mtabiri.) Kinachonifurahisha zaidi ni sarufi: aimsir fháistineach ndiyo njeo ya wakati ujao. Yaani "nitakuja kesho" yetu, kwao ni njeo ya kutabiri.

Ila mganga wa kijijini alikuwa na jina lake. Biddy Early wa Clare, kaunti ya magharibi mwa Ayalandi, aliyefariki 1874 na kusifika kwa chupa aliyoichungulia kuona yajayo, alikuwa bean feasa: "mwanamke wa ujuzi".