Uzoefu wangu na pNZ8148: plazimidi nzuri, ila usiibebeshe mzigo mkubwa

Ukitaka kuingiza jeni kwenye Lactococcus lactis, yule bakteria wa jibini na maziwa mgando, plazimidi (duara dogo la DNA la kubebea jeni) utakayotajiwa kwanza maabara ni pNZ8148. Nimeitumia kwenye utafiti wangu wa uzamili pamoja na bakteria wake NZ9000, aina ya Lactococcus inayotumika nayo, na naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya namna inavyojinakili, jambo ambalo karatasi ya maelezo niliyopewa haikuligusa hata kwa mstari mmoja.

Sifa zake kwanza. Ni ndogo, jozi za besi kama 3,200 tu, na swichi yake ni naisini, protini ndogo inayoua bakteria na kutumika kuhifadhi vyakula. Weka nanogramu chache kwa kila mililita, jeni inaamka, usipoweka, imelala. Nilipopitisha protini zangu kwenye jeli, upande usio na naisini haukuonyesha kitu, na wa pili ulikuwa na mstari mnene pale pale nilipoutarajia. Kwa hilo watu wa NIZO, taasisi ya utafiti wa vyakula ya Uholanzi, waliobuni mfumo huu miaka ya 1990, nawavulia kofia. Kukuza nako hakuna usumbufu: nyuzi 30, bila kutikisa, usiku kucha.

Ila M17 yako (mchuzi wa kukuzia bakteria) itie glukosi. NZ9000 ametokana na MG1363, ambaye mtafiti Gasson alimtangaza mwaka 1983 akiwa ameondolewa plazimidi zake zote, pamoja na ile iliyobeba jeni za kutumia laktosi. Yaani bakteria wa maziwa asiyeweza kula sukari ya maziwa!

Sasa tuje kwenye kujinakili. pNZ8148 inatumia mashine ya pSH71, plazimidi ya asili ya Lactococcus hao hao, nayo hunakili kwa kuzunguka. Protini ya Rep inakata uzi mmoja wa DNA mahali maalumu, uzi mpya unaanza kujengwa kutokea kwenye mkato, na ule wa zamani unabanduka taratibu kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Ukimalizika kubanduka unafungwa kuwa duara la uzi mmoja, kisha vimeng'enya vya bakteria vinaujengea mwenzake.

Uzi ukiwa peke yake hivyo ndipo balaa linapoingia. Vipande vinavyofanana vinaweza kukutana na kilicho katikati yao kikadondoka. Jeni yangu fupi haikupata shida yoyote. Ile ndefu, yenye vimeng'enya kadhaa mfululizo, ilitoa makoloni mazuri tu kwenye sahani za kloramfenikoli, dawa ambayo plazimidi hii ina jeni ya kuikinza, lakini nilipotoa plazimidi na kuzikata ili nizipime urefu, baadhi zilikuwa fupi kuliko inavyopasa. Kwa hiyo koloni kuota kusikudanganye: kinachoichagua ni jeni ya ukinzani, na hiyo haikudondoka. Ukiitoa dawa, hali inazidi kuwa mbaya, maana seli zisizo na plazimidi hukua haraka na kuwapita wenzao.

Jambo dogo kwa wanaoitengeneza plazimidi ndani ya bakteria E. coli kwanza: DH5α, aina ya E. coli ambayo kila friza inayo, haina RecA (protini ya kuunganisha DNA zinazofanana) na haiendani vizuri na mashine hii. Tumia aina ya MC1061.

Mzigo mrefu, yaani ile jeni ndefu, niliuhamishia pIL253, plazimidi nyingine iliyotokana na pAMβ1, plazimidi ya bakteria Enterococcus faecalis. Hii hufungua nyuzi zote mbili na kuzinakili bila kupitia duara la uzi mmoja. Kwenye hadubini ya elektroni, DNA inayonakiliwa hivyo inaonekana kama herufi theta ya Kigiriki. Haina swichi ya naisini, promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) unaiweka mwenyewe, na dawa yake ni erithromaisini. Makoloni niliyopata baada ya kupiga seli umeme ili zipokee plazimidi yalikuwa machache mno, nikanuna. Lakini kila niliyoipima ilikuwa na urefu wake kamili.

Kwa kimeng'enya kimoja kifupi, nitaagiza pNZ8148 tena bila kusita.