Boksi la boba la kupika nyumbani: punje chukua, unga wa chai uache

Maboksi ya kujipikia chai ya boba, yaani chai baridi ya maziwa yenye punje za kutafuna, yanafanana sana, jina lolote liandikwe juu yake. Ndani utakuta pakiti ya punje kavu za tapioka (wanga wa muhogo), mara nyingi gramu 250, vifuko vya unga wa chai ya maziwa, vifuko vya shira ya sukari ya kahawia na mirija minene. Vinavyostahili pesa yako humo ni viwili tu, punje na mirija. Vilivyobaki unavyo jikoni, tena vyako ni bora.

Tuanze na punje. Zile zilizoandikwa "dakika 5" si ulaghai. Wanga wake umeshapikwa kiasi kiwandani kabla ya kukaushwa, kwa hiyo nyumbani unamalizia tu. Punje za kawaida, zile wanazotumia wenye vibanda, zinataka dakika 30 hivi motoni na nyingine 30 zikiwa zimefunikwa pembeni. Kwa mtafuno hizo za kawaida zinashinda: zinavutika na kurudi. Za haraka ni laini zaidi na huchoka mapema. Lakini kwa vikombe viwili vya jioni, gesi ya nusu saa ni hasara.

Pakiti ya gramu 250 inatosha vikombe 5, gramu 50 kila kimoja. Pika kiasi utakachokunywa siku hiyo hiyo. Kwanza mimina punje kwenye chujio ukung'ute vumbi, maana pakiti iliyosafiri mbali huwa na punje zilizovunjika, na huo unga wa chini ukiingia majini unageuza sufuria nzima kuwa gundi. Kisha chemsha maji lita 1 kwa kila gramu 100. Maji yatokote kwelikweli ndipo umimine. Ukizitia kwenye maji baridi au ya vuguvugu, tabaka la nje linayeyuka kabla halijaiva, na utabaki na uji wa kijivu wenye vidonge. Kosa hili ndilo linalozaa malalamiko mengi kwamba boba ni mbovu, wakati boba haina kosa.

Koroga taratibu kwa mwiko mpaka zielee, dakika 1 hivi, ukipitisha mwiko chini zisigandie. Kwa punje za haraka, punguza moto kidogo, funika, hesabu dakika 5. Zima, ziache dakika 5 nyingine bila kufunua. Chota moja uikate kwa kisu: ukiona kitone cheupe katikati, bado. Isiyo na kitone, yenye rangi moja inayopitisha mwanga, imeiva.

Hapa maelekezo ya pakiti yanahitaji kusahihishwa. Yameandikwa kwa maji yanayochemka kwenye nyuzi 100. Dar es Salaam na Mombasa hesabu hiyo inakubali. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu, hata ungeongeza moto namna gani. Kwa hiyo ongeza dakika 2 au 3 motoni, na muda wa kutulia uufanye dakika 10. Mtu wa huko akifuata pakiti neno kwa neno atapata punje zenye kiini cha chaki, halafu lawama zote ziende kwa muuzaji.

Zikishaiva, chuja na uzisuuze kwa maji baridi kwa sekunde 15 hivi, utelezi uondoke. Usizizamishe kwenye maji ya barafu ukazisahau, zitakakamaa. Zipeleke moja kwa moja kwenye shira.

Shira ya boksi ni tamu tu, harufu haina. Sukari guru inaipita kwa mbali. Vunja gramu 100 za guru, tia maji mililita 60, pasha moto mdogo mpaka iyeyuke yote, kisha ichuje, maana guru nyingi zina mchanga na vipande vya makapi. Irudishe motoni ichemke dakika 3 au 4, iwe nyepesi kidogo kuliko shira ya kaimati, kwa sababu ikipoa itazidi kuwa nzito. Tia punje zikiwa bado za moto, ziache dakika 20. Tahadhari moja: usichemshe maziwa pamoja na guru. Guru huwa na tindikali kiasi, na maziwa ya moto yanaweza kukatika. Kwenye kikombe cha baridi hakuna shida.

Sasa ule unga wa chai. Soma orodha ya viambato nyuma ya kifuko: mara nyingi utakuta sukari na kirimu ya unga ya mafuta ya mimea zimetangulia, chai inafuata mbali huko. Ladha yake ni ya pipi. Ni jambo la kushangaza kuuziwa kitu hicho katika nchi zenye chai ya Kericho na Mufindi. Majani yetu ya punje ndogo hutoa rangi na ukali haraka, na kinywaji hiki kinataka hivyo hasa, maana barafu italegeza kila kitu. Tia gramu 8, yaani vijiko vinne vya chai, kwenye maji yaliyochemka mililita 200, funika dakika 5, chuja. Usiyatokose majani pamoja na maziwa kama chai ya asubuhi. Uchungu unaozidi hapo hufichwa na tangawizi na iliki, vitu ambavyo humu havimo.

Koroga vijiko vitatu vya chakula vya maziwa ya unga yenye mafuta kamili ndani ya chai ingali moto, mpaka mabonge yaishe. Maziwa ya unga ni bora kuliko ya maji kwa sababu yanaongeza uzito bila kuzimua. Acha ipoe, mimina kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana pamoja na barafu, utikise sekunde 15 mpaka povu lisimame. Kwenye bilauri tanguliza punje na shira yake vijiko viwili, zungusha bilauri mistari ya kahawia ishike kuta, kisha mimina chai.

Mirija ya boksi ya karatasi inatosha kwa kunywa mara moja. Ikikaa muda inalainika mdomoni. Ya chuma ni bora, ilimradi tundu lisipungue milimita 10. Ya soda haipitishi kitu.

Kuhusu kuhifadhi: punje zilizopikwa ni za masaa 4, si zaidi, na ziwe nje ya friji. Wanga uliopikwa ukipata baridi hujikaza upya, ndiyo maana asubuhi unakuta vigoroli vigumu vyenye weupe ndani. Kuzichemsha dakika 1 kunazilainisha kidogo, lakini hazirudi zilivyokuwa. Punje kavu zilizobaki zifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa. Unyevu wa pwani huzigandisha bonge moja.

Wanaotaka kujiundia punje wenyewe waangalie wanachonunua. Unga wa muhogo wa ugali hauwezi kazi hii, una nyuzi zake na utakatika. Kinachotakiwa ni wanga wa muhogo, ule mweupe unaolia ukiubana kwa vidole. Zile sagu ndogo nyeupe za maduka ya Wahindi nazo zinafaa kwa uji tu. Kwa gramu 100 za wanga, chemsha gramu 40 za guru na maji mililita 60. Shira ikiwa inatokota tia theluthi ya wanga, koroga haraka ishike, epua, kisha tia wanga uliobaki na ukande kungali moto. Shira isipochemka vizuri, donge litakuwa gumu ukilibonyeza na kutiririka kama maji ukiliachia. Lirudishe motoni kidogo, usiongeze wanga. Kata vipande vya milimita 8, viringisha, nyunyizia wanga mkavu, pika dakika 25 na kufunika 20.

Watoto wa chini ya miaka 5 wasipewe kwa mrija. Punje hupanda kwa kasi na huweza kuziba koo. Wapewe kwa kijiko, zikiwa zimekatwa. Na kama boksi lako lina vipira vyenye juisi inayopasuka mdomoni, hivyo havipikwi kabisa: chuja maji yake, tia kwenye kikombe.